Muhula wa kwanza wa Darasa la Kwanza: sauti kabla ya vitabu

Kila Januari, kabla wiki ya pili haijaisha, mzazi mmoja au wawili hufika mlangoni mwa darasa langu wakiwa na daftari la mtoto mkononi, wakitaka kujua kwa nini ndani yake hamna kitu isipokuwa mistari, viduara na ndoano. Wamenunua daftari, penseli na sare kwa fedha iliyopatikana kwa jasho, hivyo wana haki kamili ya kuuliza. Ninafundisha Darasa la Kwanza katika kijiji kimoja mkoani Simiyu, na safari hii nimeona ni heri nieleze mapema, tena kwa urefu, mambo ambayo watoto watajifunza tangu shule zinapofunguliwa Januari hadi zinapofungwa mwanzoni mwa Juni.

Kiini cha darasa hili ni KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, ambazo tangu mwaka 2015 ndizo zinazochukua sehemu kubwa ya ratiba ya madarasa mawili ya mwanzo. Mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 umeongeza somo la Kiingereza kuanzia Darasa la Kwanza, ambapo hapo awali watoto wa shule zinazofundisha kwa Kiswahili walilianza Darasa la Tatu. Kipindi kimoja ni dakika 30, muda ambao mtu mzima huuona mfupi, lakini kwa mtoto wa miaka sita unatosha kabisa, na siku za joto huzidi.

Wiki za mwanzo tunafundisha masikio. Mtoto anasikiliza neno, analirudia, kisha analikata vipande kwa kupiga makofi: ma-ma ni makofi mawili, ka-la-mu ni matatu. Hatua hii ndiyo inayodharauliwa kuliko zote, nami ndiyo ninayoitetea kuliko zote, kwa sababu Kiswahili huandikwa karibu sawasawa na kinavyotamkwa, na mtoto anayesikia vipande vya neno ameshafika nusu ya njia ya kulisoma. Hapo ndipo pia anapogundua mwenyewe kwamba “mtu” ni makofi mawili, m-tu, na kwamba “mbu” ni mawili vilevile, m-bu, ilhali katika “mbuzi” ile m haisimami peke yake tena bali imeshikana na b, mbu-zi. Sijawahi kuwaeleza kanuni ya jambo hilo, na sioni haja, maana viganja vyao vinaijua.

Baada ya masikio ndipo tunaingia kwenye irabu, a, e, i, o, u, na hapa watoto wetu wana jambo la pekee ambalo wageni hawalitambui. Wengi wao wanakuja wakizungumza Kisukuma, lugha yenye irabu saba, na Kiswahili kina tano tu. Mtoto mwenye sikio la irabu saba anapoambiwa kwamba herufi hii moja ni i, anaweza kusita kwa kuwa nyumbani anazijua sauti mbili zilizo jirani, na kusita huko si ujinga hata kidogo. Vivyo hivyo, Kisukuma hakina sauti r. Mtoto husema “kalatasi”, na akifika mahali pa kuandika ataandika jinsi alivyosema, kwa hiyo kumchapa kwa kosa hilo ni kumchapa kwa kuwa na masikio mazuri. Mimi hufundisha l mapema na kuiacha r hadi wiki za mwisho za muhula, kisha tunacheza mchezo wa kunyanyua mkono: ninatamka “kula” na “kura”, au “mahali” na “mahari”, nao wananyanyua mkono wanaposikia ulimi ukitetema. Wazazi wanaoketi nyuma siku hiyo hufurahia sana jozi ya pili.

Naomba jambo moja kwa wanaowafundisha watoto nyumbani jioni, nami naliomba kwa heshima: msiwafundishe majina ya herufi kwanza. Mtoto aliyekariri “a, be, che, de” akikutana na b na a zikiwa pamoja husoma “bea”, na inanichukua siku nyingi kuliondoa jina ili sauti ibaki. Tamkeni sauti yenyewe, fupi, midomo ikifunguka mara moja. Konsonanti nitakazoanza nazo ni m, k, t, l, n na p, kwa sababu zikichanganywa na irabu tano zinatoa maneno ambayo mtoto anayajua tangu akibebwa mgongoni: mama, kaka, kuku, kiti, lima, pika. Herufi b na d zitatenganishwa kwa wiki kadhaa, kwa kuwa kwa jicho changa ni umbo moja lililogeuzwa. Miambatano kama ng', ny na mb itasubiri muhula wa pili, ingawa inaniuma kidogo kuwachelewesha watoto wa wafugaji wasiandike neno ng'ombe.

Sasa narudi kwenye ile mistari na ndoano za daftarini. Herufi zote zimejengwa kwa maumbo machache, mstari wima, mstari wa mlalo, mshazari, duara na mkunjo, na kiganja ambacho hakijawahi kushika penseli kinahitaji kuyazoea kabla ya kudaiwa herufi kamili. Tunaanza mchangani kwa kidole, tunahamia ubaoni kwa chaki, ndipo daftari lifunguliwe. Anayetumia mkono wa kushoto ataachwa autumie, na hili nitaliangalia kwa ukali kidogo, kwa kuwa nimewahi kuona watoto waliolazimishwa kubadili mkono wakichukia kuandika kabisa.

Kwenye Kuhesabu, mtoto anayefika akitamka moja hadi hamsini bila kukosea huwafurahisha wazazi wake, lakini mweke mbele ya vizibo saba vya soda na huenda akapata nane, kwa kuwa mdomo unakimbia kuliko kidole. Kwa hiyo tunaanza na vitu: vizibo, vijiti, mbegu za pamba. Sifuri inafundishwa kwa kopo, tunatoa kizibo kimoja kimoja mpaka kopo liwe tupu, kisha tunaandika alama ya kile kilichobaki. Kutoka kumi kwenda mbele Kiswahili kinatusaidia sana, maana “kumi na tatu” inajieleza yenyewe, fungu moja la vijiti kumi na vijiti vitatu pembeni. Msaada huo unakatika ghafla kwenye ishirini, neno la asili ya Kiarabu ambalo halimwonyeshi mtoto kwamba ndani yake mna makumi mawili, na thelathini na arobaini ni hivyohivyo. Kwa wiki nzima, basi, tunasema yote mawili, “makumi mawili, ishirini”, huku mafungu yaliyofungwa kwa kamba yakiwa mezani. Lengo langu kufikia Juni ni kila mtoto ahesabu vitu hadi 50 kwa uhakika, ajumlishe na kutoa ndani ya 10.

Kiingereza kitakuwa cha mdomo zaidi, salamu, majina ya vitu vya darasani na nyimbo. Afya na mazingira tutajifunza kwa vitendo, kuanzia kunawa mikono hadi kufagia uwanja, na michezo ipo kila wiki.

Linalonitia wasiwasi kuliko mtaala ni mahudhurio. Januari na Februari ni miezi ya palizi, na kuanzia Mei pamba inaanza kuchumwa, hivyo mtoto anaweza kubakizwa nyumbani amlinde mdogo wake wakati wakubwa wako shambani. Ninaielewa shida hiyo, kwani nililelewa katika mashamba hayohayo. Hata hivyo sauti zinafundishwa kwa kupandana kama matofali, na mtoto aliyekosa wiki ya k na t anakuta wenzake wanasoma “kiti” naye anaona michoro tu. Ikibidi abaki, mtumeni mwenzake anijulishe, nami nitampatia kadi za herufi za wiki hiyo azichezee nyumbani.

Wiki ya mwisho kabla ya kufunga nitakaa chini ya mwembe ulio nyuma ya ofisi, na watoto wote 87 watakuja mmoja mmoja. Kila mmoja atapewa kadi yenye sentensi ambayo hajawahi kuiona, kwa mfano “Mama anapika kuku”, na atapewa muda wote anaouhitaji. Wazazi mnakaribishwa kuja kuketi kwenye benchi lililo kando yangu siku ya zamu ya mtoto wenu, mradi msimsaidie.