Kumbukumbu ya mradi: chura Tiddalik na mkunga wa tyubu

Wiki ya 1. Nimeanza kuwasimulia watoto wa dada yangu hadithi za uumbaji za wenyeji wa asili wa Australia. Nilidhani kazi ngumu itakuwa kutengeneza vikaragosi vya kuwaigizia, kumbe nimekwama kwenye jina. Wazungu waliita enzi ya uumbaji huo "Wakati wa Ndoto", nami nikaanza hivyohivyo. Mkubwa akanikatiza: "Mjomba, kwani waliota tu?" Nikafuta. Wapitjantjatjara, jamii mojawapo ya wenyeji hao, husema Tjukurpa, na ndani ya neno hilo mna uumbaji, sheria na njia walizopita mababu, ambazo zipo mpaka leo. Kwa hiyo hata "hapo zamani za kale" nimeiacha. Wenyewe hawasemi kwamba mambo hayo yamekwisha. Sasa ni paukwa, pakawa, kisha nataja hadithi ni ya nani. Kabla ya walowezi kufika mwaka 1788 kulikuwa na lugha zaidi ya 250 kule. Mmakonde na Mmasai hawana ngano moja, sembuse hao.

Wiki ya 3. Tiddalik, hadithi ya Wagunaikurnai wa Gippsland, Victoria. Chura kaamka na kiu, kanywa mito na madimbwi yote. Wanyama wanashauriana: achekeshwe, atapike maji. Kukabura, ndege wa jamii ya mdiria mwenye mlio kama kicheko, anatoa vichekesho mpaka anacheka mwenyewe. Chura kimya. Mwishowe mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka, anasimama kwa mkia na kucheza, na chura anacheka.

Hapo kwa mkunga ndipo niliposumbuka. Wa kwanza, wa waya na kitambaa, alisimama kama mti wa bendera. Wa pili nimemkata kwenye tyubu ya baiskeli niliyopewa bure na fundi, upana wa vidole viwili, mkia nikaufunga kwenye kijiti. Ukitikisa tu, anajinyonganyonga. Mdogo alicheka kabla ya chura! Chura ni boksi la viatu, maji ni kanga ya buluu niliyoisokomeza mdomoni. Kuivuta kukachana mdomo wote. Itabidi nibandike gundi na kitambaa kwa ndani. (Chura wa kuhifadhi maji yupo kweli, kwenye sehemu kame za bara: hujifukia ardhini na maji yake kibofuni.)

Wiki ya 5, Januari. Hii haikuhitaji boksi. Umeme ulikatika, tukatoka nje kutazama Kilimia, lile kundi la nyota. Sisi tunakijua kwa kilimo na mvua. Kwa Wapitjantjatjara ni dada saba, Kungkarangkalpa, wanaomkimbia mwanamume aitwaye Nyiru. Nyiru yumo kwenye nyota za Orioni, nyuma yao, usiku kucha anawafuata kwenda magharibi na hawapati. Hadithi hii ina sehemu za siri ambazo wenyewe hawazitoi hadharani, nami sizitafuti.

Mkubwa akahesabu, akapata sita. Akarudia, sita. Mdogo akasema wa saba kaenda chooni.