Marvel au DC? Kijiwe kiliwaka moto

Jana kijiweni Ngamiani mpwa wangu kauliza tu, "Anko, Superman na Spider-Man nani zaidi?" Basi! Kahawa ikapoa, bao likasimama.

Marvel na DC ni kampuni mbili za Marekani za vitabu vya katuni za mashujaa: Superman wa DC, Spider-Man wa Marvel. Mimi ni Marvel, sifichi. DC walitangulia, kweli: Superman 1938, Batman 1939. Lakini Gotham ya Batman na Metropolis ya Superman ni miji ya kubuni. Peter Parker, ndiye Spider-Man, wa 1962 kakulia Queens, New York, mtaa upo kweli, na pesa ya kodi inamtoa jasho kama mimi mwisho wa mwezi. Shujaa anayedaiwa kodi, huyo ndugu yangu kabisa.

Jamaa mmoja wa DC akadakia: "Na Wakanda iko wilaya gani? Handeni?" Wote wakaangua kicheko. Nikabaki natafuta jibu, maana Wakanda ni nchi ya kubuni ya Black Panther, naye ni wa Marvel, tangu 1966.

Nikarudisha: nyie DC, malimwengu sambamba ya hadithi zenu (Superman huyu huku, mwingine kule) yalizidi mpaka mwaka 1985 mkaanza kuyavunja myaunganishe. Mtu ashike lipi? (Marvel nao wanayo kibao, ila hilo sikulitaja.)

Mzee wa kahawa, aliyekuwa kimya muda wote, akauliza Batman ana nguvu gani. Tukamwambia hana, ana pesa. "Ah, huyo basi ni tajiri asiyepata usingizi."

Wadau wa DC, mjibuni mzee.