Nilivyonunua haluli kwa elfu thelathini na kitu

Mimi ni fundi cherehani hapa Moshi, maeneo ya Mbuyuni, mwaka wa kumi na tisa huu nakanyaga cherehani, kwahiyo miguu ndo mtaji wangu. Sasa mwaka juzi ikaanza kunikaza usiku. Sisemi kuuma, nasema kukaza, umelala zako saa nane za usiku, ghafla kigimbi kinakuwa kama jiwe la kusagia, unaruka kitandani unaita mama yako na mama alishazikwa zamani. Baba watoto alikuwa anadhani naota.

Ushauri nilioupata jamani, ni bora ningeutungia kitabu. Wa kwanza eti nimekanyaga kitu njia panda. Wa pili eti ninywe maji ya chumvi kila jioni, na anajua kabisa nina presha. Wa tatu ndo huyo nitamsema hapa mpaka roho itulie, kijana mmoja kavaa suti saa saba mchana juani, anapita na kompyuta na kamashine ka kushika kichuma kiganjani, dakika moja eti amekupima mwili mzima. Nikashika. Ikatoka ripoti ndefu kama risala ya harusi: magnesiamu imepungua, kalsiamu imepungua, na vingine kibao vimepungua, ila tezi dume yangu iko vizuri. Nimesoma kwa macho yangu, tezi dume ya mama wa watoto wanne iko vizuri. Na bado nikatoa hela! Elfu thelathini na kitu, kopo moja la vidonge vya magnesiamu, mbele limeandikwa 500 kubwa kama bango la mgombea. Akaniambia mama hii ndo kubwa kuliko zote sokoni, meza mbili asubuhi kabla hujala, inafanya kazi haraka.

Kwenye haraka hakudanganya.

Nikameza siku nilipokuwa naenda Arusha kufuata vitambaa vya sare. Saa kumi na mbili asubuhi, tumbo tupu, vidonge viwili, nikapanda Costa nikakaa dirishani. Weruweru shwari. Kikafu shwari. Bomang'ombe tumbo likaanza kuongea, nikajua njaa, nikanunua yai. Tulipopita njia panda ya KIA likawa haliongei tena, linahutubia. Nikafunga khanga kiunoni nikabana, nikawa natazama mlima Meru kule mbele kama vile naomba msaada. Na siku hiyo trafiki nao wametusimamisha, dereva kashuka na makaratasi yake anazunguka nyuma ya gari kuongea wanayoongeaga, mimi huku jasho linanitoka mpaka kwenye magoti. Kufika Kikatiti nikapiga kelele konda shusha! Konda anasema mama si umesema Arusha? Nikamwambia mwanangu, Arusha imekuja yenyewe.

Nikakimbilia kwa dada mmoja anakaanga maandazi, nikamuuliza choo hata salamu sijatoa, akanionyesha, kumbe kina kufuli, ufunguo uko kwa mama mwenye nyumba, mama mwenye nyumba kaenda kukata majani ya ng'ombe. Sitasema kilichoendelea. Nitasema tu kwamba yule dada ana moyo mzuri sana, alinipa kitenge chake, na mimi baadae nikamshonea kingine bure na nguo ya mwanae juu. Gari liliniacha, nauli ikaenda, vitambaa sikufuata. Na mwenye Costa ashukuru hatukufika Maji ya Chai, mana mbele ya pale ningeanzisha kijiji kingine cha maji.

Nyumbani nikasema labda ni yai. Kesho yake nikameza tena! Mara nne kabla ya saa sita mchana. Hapo mama mkwe alikuwa ameshuka kutoka Kibosho, akanitazama navyopishana na mlango, akaniuliza mwanangu unatumia nini, nikampa kopo, hajui kusoma kizungu ila alilionja kidonge kwa ncha ya ulimi, akatema, akaniuliza inaitwaje, nikamwambia magnesiamu. Binti yangu ndo akaingia kwenye simu kutafuta, akaanza kucheka peke yake. Kumbe ile chumvi ya haluli waliyokuwa wanatunywesha wazee likizo ikikaribia kuisha, ili turudi shule matumbo safi, ni magnesiamu salfeti. Ukoo mmoja na yangu. Mama mkwe alicheka mpaka akakaa chini: "Yani umenunua haluli kwa elfu thelathini, mimi ningekuletea ya mia tano!" Mpaka leo nikienda Kibosho ananiita mama Haluli, mbele za watu.

Basi nikaenda kwenye duka la dawa la maana, sio kuuliza mtu mwenye suti. Nikakuta mfamasia mdogo tu, umri wa mwanangu wa kwanza, shikamoo mama, marahaba. Nikamwekea kopo mezani. Hata mbele hakuangalia, akaligeuza nyuma. Hapo ndo nilipata akili. Akasema mama, neno magnesiamu peke yake halikuambii kitu, angalia jina linalofuata. Yako hii ni oksaidi. Oksaidi ina magnesiamu nyingi kweli, kama asilimia 60 ya uzito wake, ila mwili unachukua kidogo, nyingi inabaki kwenye utumbo inavuta maji, na wewe umemeza mbili tumbo tupu. Sitreti inaingia mwilini vizuri zaidi ila nayo inalegeza choo kidogo. Glisineti, hiyo inayoanza na herufi G, wengine wanaandika "bis" mbele yake, ni mpole kwa tumbo, ila bei imechangamka.

Halafu akanifundisha ujanja ambao sasa nawatambia wateja wote: namba kubwa ya mbele mara nyingi ni uzito wa mchanganyiko mzima. Kopo linaandikwa glisineti miligramu 1000, ukigeuza nyuma kwenye maandishi ya sisimizi unakuta magnesiamu yenyewe ni kama 140 tu. Hiyo ndogo ndo ya kuhesabia, na kwa mtu mzima ya vidonge isizidi miligramu 350 kwa siku bila daktari kusema. Ni kama kitambaa, hununui uzito wa boksi, unanunua mita.

Nikatoa hela, akakataa! Aisee, muuza duka anakataa hela. Akaniuliza unatumia dawa gani nyingine. Nikamwambia omeprazo ya tumbo mwaka wa tatu huu kila siku, na kidonge cha presha kile cha kukojoza. Akatikisa kichwa. Kumbe zote mbili ukikaa nazo muda mrefu zinaweza kushusha magnesiamu, yani omeprazo Wamarekani walishatoa tahadhari tangu 2011, na mimi nilikuwa najinunulia kama pipi. Akasema nenda kapime figo kwanza, mana figo ndo zinatoa iliyozidi, zikiwa mbovu magnesiamu inajaa mwilini na hapo ni hatari. Nikaenda, figo nzima, magnesiamu ya damu iko chini kidogo. Daktari akanipunguzia omeprazo taratibu, na cha presha akanibadilishia mwenyewe, msijiachishe huko majumbani.

Kuchagua sasa. Nilijaribu sitreti wiki mbili, baadae glisineti, naandika kwenye daftari langu la vipimo vya wateja kwa sababu ndo liko mkononi muda wote. Kifua 38, kiuno 32, chini yake "Jumatano mara 3, usiku kukaza 1". Mteja mmoja akafungua kutafuta vipimo vyake akaniuliza fundi, mara tatu ni nini, mimi nimekuja mara moja tu. Nikamwambia ni mapindo.

Sitreti ilinisumbua asubuhi, sio Kikatiti lakini ilinisumbua. Ya kuyeyusha kwenye maji niliiacha dukani mana nyingi zina sodiamu na mimi na presha yangu hatutaki. Glisineti nikaanza na 100 baada ya chakula cha usiku, tumbo kimya kabisa, nikapanda mpaka 200 nikaishia hapo. Kukaza kumepungua kutoka karibu kila usiku mpaka labda mara mbili kwa mwezi. Lakini niseme ukweli, wakati huohuo nimebadilishiwa dawa na nanyoosha vigimbi ukutani kabla ya kulala, kwahiyo siwezi kukwambia sifa ni ya nani. Yule mfamasia mwenyewe alishanambia kama magnesiamu mwilini haijapungua, vidonge vyake kwa huko kukaza misuli usitegemee makubwa. Na ukipewa sipro au doksi usimeze pamoja na magnesiamu, meza hiyo antibayotiki masaa mawili kabla yake, au subiri masaa manne mpaka sita baada yake.

Mama mkwe yeye ananiletea mbegu za maboga kila akishuka, nakaanga kidogo natafuna nikishona, na uji wa ulezi, na kiburu cha ndizi chenye maharage ya kutosha. Binti anasema vyote hivyo vina magnesiamu. Mama mkwe anasema alijua.

Lile kopo la oksaidi sikulitupa, hela yangu. Shemeji yangu ana tatizo la choo kigumu miaka na miaka, nikamuuliza figo, nikamuuliza dawa, nikamtuma kwa mfamasia na kopo mkononi akaruhusiwa kimoja baada ya chakula. Juzi kanipigia simu anauliza nilinunua wapi, limekwisha.