Siku moja maishani mwangu: aina tatu za tumbaku nyuma ya nyumba, Arua

Naishi pembeni mwa jiji la Arua, huku West Nile, na kazi yangu ni tumbaku. Sina duka, siuzi sigara, mimi ni wa shambani. Kikundi chetu cha wakulima kimenipa jukumu la kupanda aina tofauti nyuma ya nyumba yangu, mistari bega kwa bega, ili kabla wenzangu hawajaamua mbegu ya msimu ujao waje wajionee wenyewe. Mwaka huu ninazo tatu. K326 ambayo ni Virginia, inakaushwa kwa joto la bani, yaani kibanda cha kukaushia chenye tanuri, wenzetu Watanzania wanaiita tumbaku ya mvuke. TN 90 ambayo ni burley, inakaushwa kwa hewa tu. Na ile ya wazee, fupi, majani mazito, maua ya njano, wataalamu wanaiita Nicotiana rustica.

Sivuti, na sitaki mtoto wangu avute. Hapa Uganda sheria ya 2015 inakataza kumuuzia tumbaku mtu chini ya miaka 21 na mimi naona ni sawa kabisa. Lakini nimechoka kuambiwa hii ni kazi ya mtu mvivu, ati unachuma majani unaanika unasubiri pesa. Basi ngoja niwaelezee leo ilivyokwenda.

Saa 10 na nusu usiku

Naamka kuangalia moto. Bani langu ni kibanda kidogo cha matofali, tanuri iko nje na bomba la chuma linazunguka chini ndani, joto linaingia lakini moshi unatokea juu ya paa bila kugusa majani. Hii K326 iko ndani siku ya pili, bado inageuka njano, kwa hiyo themomita inatakiwa icheze kati ya nyuzi 35 na 38 za Selsiasi na hewa ya ndani iwe na unyevu. Hapo ndipo watu wanapoharibu. Ukiwa na haraka ukapandisha joto mapema, jani linakauka likiwa na kijani chake na hicho kijani hakitoki tena maisha. Ukichelewa kulipandisha baada ya njano kukamilika linageuka kahawia. Linatakiwa lipande polepole siku baada ya siku mpaka 70 na kitu, pale uti wa jani unapokauka kabisa, na yote hiyo inachukua siku tano mpaka saba. Nani analala siku hizo?

Nikikaa pale na kuni zangu huwa nakumbuka kisa cha Stephen, kijana mtumwa wa Caswell kule North Carolina, Marekani. Inasimuliwa kwamba mwaka 1839 alisinzia akilinda moto, akashtuka umebaki kidogo, akakimbilia makaa ya mahali pa uhunzi akayatupia humo, na lile joto la ghafla likatoa majani ya njano yanayong'aa ambayo kila mnunuzi aliyataka. Aliyesifika ni bwana wake, Abisha Slade. Aliyekesha ni Stephen.

Saa 12 asubuhi

Kibanda cha nyasi, kwenye burley. Hii haitaki moto, inaning'inia kwenye kivuli na upepo wiki nne mpaka nane. Majani makavu huwa nayashika alfajiri tu, umande umeyalainisha, ukiyagusa mchana yanavunjika vipande vipande mkononi. Kwanza nabonyeza uti wa jani kwa kidole gumba. Ukiwa bado laini ndani, jani linarudi juu hata kama bapa limekauka vizuri, maana ukilifunga hivyo ukungu unaanzia hapo hapo kwenye uti na unakula fungu zima, na mvua ya Septemba huku kwetu inausaidia. Halafu nakata ukanda mwembamba, nauwasha, napuliza mwali uzime nibaki na kaa. Kaa likitembea lenyewe mpaka mwisho na majivu yakawa meupe, jani limeungua vizuri. Likizimika njiani majivu meusi, naandika kwenye daftari.

Saa 1 mpaka saa 3 ni chai, watoto shule, kuku, kufagia. Watoto wangu hawagusi tumbaku mbichi, hilo sijadiliani na mtu, hata shangazi yao akisema nawadekeza.

Saa 3 na nusu

Sasa umande umekauka, naingia kuchuma. Sababu ya kusubiri ni hii: nikotini inatoka kwenye jani lililolowa inapita kwenye ngozi yako, mchana unaanza kizunguzungu, unatapika, kichwa kinagonga, watu wanadhani malaria. Mimi navaa shati la mikono mirefu, glavu na karatasi la plastiki mbele, jua liwe kali namna gani. Virginia unachuma kutoka chini kwenda juu, majani mawili matatu kwa kila mche, unarudi wiki inayofuata. Jani lililoiva linapauka, ncha inainama, ukilivuta linakatika kwa mlio mmoja safi. Bichi linang'ang'ania na linavua ganda la shina. Baada ya saa moja utomvu umeshaganda kwenye glavu mweusi kama lami.

Hapa nisimame kidogo kwenye mbolea kwa sababu ndio moyo wa kazi yangu. Watu wanadhani kulinganisha kwa haki ni kuipa kila aina kitu kile kile. Sio hivyo! Burley ina njaa ya naitrojeni kuliko Virginia kwa mbali sana. Ukiipa burley kipimo cha Virginia inadumaa, majani membamba, halafu unasema mbegu mbaya. Ukimpa Virginia kipimo cha burley anabaki kijani kibichi haivi, na ukimuingiza kwenye bani hakubali kugeuka njano. Msimu uliopita wanakikundi wengi waliitukana TN 90 na ukiwauliza waliweka mbolea kiasi gani, ni ile ile ya K326. Kwa hiyo mwaka huu nimepanda burley mistari ya namna mbili, mmoja umepata kipimo chake kamili, mwingine kipimo cha Virginia, na kila fungu likikauka nalifunga kamba, nyekundu kwa walioshiba, nyeupe kwa wenye njaa. Bila hizo kamba sina kitu cha kuwaonyesha watu. Zikumbukeni.

Saa 6 mchana, mgeni

Nilikuwa nimemaliza kuchuma, majani yako kivulini chini ya turubai yakisubiri kutungwa, boda ikasimama getini akashuka mwanaume mmoja na sigara kidoleni. Anasema anafanya biashara kati ya Arua na Ariwara, upande wa Congo, amesikia hapa kuna tumbaku kali. Karibu kaka. Asante mama. Nikaingia kumletea maji, kutoka namkuta ameshapita katikati ya mistari, anashika jani hili anaminya, anashika lile ananusa, sigara mkono ule ule.

Nikamwambia kwa upole, kaka naomba uzime hiyo na unawe mikono kwa sabuni kabla hujagusa mimea yangu. Akacheka. Mama, tumbaku inaogopa tumbaku? Ndio, inaogopa! Kuna kirusi cha madoadoa ya tumbaku, jani linakuwa na viraka vya kijani hafifu na kijani kizito, linajikunja, mche unadumaa. Kinakaa ndani ya jani kavu la sigara muda mrefu na kinahamia kwenye vidole vya mvutaji, na kutoka pale kinaweza kuingia kwenye mche anaougusa kwa nguvu. Dawa ya kukitibu hakuna, unang'oa. Na nyanya ni ndugu wa tumbaku, kinaingia huko pia, na nyanya zangu zimepakana na uzio ule ule. Mwaka 1898 Mholanzi Martinus Beijerinck alikuwa anachunguza ugonjwa huu huu wa tumbaku alipotambua kwamba kuna kitu kinachoambukiza ambacho si bakteria, na kwenye jani hili ndipo watu walipoanza kuvijua virusi. Nilimweleza yote hayo nikiwa nimesimama juani na glavu zangu. Akazima sigara kwa kiatu, hakunawa.

Akaanza biashara. Anataka ile fupi ya wazee, anataka imesagwa iwe ugoro, ataleta magunia. Nikamwambia tumbaku isiyo ya kuvuta imekatazwa kuuzwa na ile sheria ya 2015, ugoro uko humo humo, na majani haya si ya kuuza hata hivyo, ni ya kulinganisha, mavuno ya kikundi yanauzwa kwa pamoja kwa mnunuzi aliyesajiliwa. Akasema mama sheria ni ya Kampala. Nikamwambia na mimi niko Uganda. Akapiga simu, akaongea Kilingala, akakata, akapandisha bei. Nikakataa. Akapiga tena. Akaomba maji mengine. Akakaa kwenye kiti changu.

Halafu akaomba mbegu, ati kijiko kimoja tu. Gramu moja ya mbegu ya tumbaku ina mbegu zaidi ya 10,000, kijiko kimoja kinatosha mashamba ya watu wengi sana, na hizo zangu nimezifunika maua kwa mifuko tangu yanachanua ili nyuki wasichanganye aina. Hapana kaka. Akanuna.

Wakati huo wote majani yangu yako chini ya turubai. Majani mabichi yakilundikana yanachemka yenyewe, unaingiza mkono katikati unakuta joto, yakikaa sana yanaiva madoa ya kahawia hapo hapo kabla hujayafikisha bani. Nikaenda kuyatawanya, na nikaongeza kuni maana themomita ilikuwa imeshuka, sijui ilikuwa saa 8 au saa 8 na nusu. Nikarudi namkuta yuko kwenye kibanda cha burley, amefungua mafungu. Amezifungua kamba! Anasema alitaka kunusa vizuri. Nyekundu na nyeupe ziko chini mavumbini, majani yako kwenye mkeka rundo moja.

Sikumpigia kelele. Nilimwambia kaka kwenda salama, nikasimama getini mpaka boda ikapotea.

Mchana wote uliobaki nilikaa kwenye ule mkeka. Aina na aina naweza kuzitenganisha hata gizani, ya wazee ni nene na nzito, Virginia ni ya njano ya ndimu au ya machungwa, burley kahawia na nyepesi. Shida ni burley kwa burley. Majani ya chini ya mche ni mepesi na yamepauka, ya juu ni mazito na meusi zaidi na ndiyo yenye nikotini nyingi, kwa hiyo jani la juu la mche wenye njaa ukilishika linafanana sana na jani la katikati la mche ulioshiba. Nilipima upana kwa kiganja, nikaangalia unene wa uti, yale niliyokuwa na uhakika nayo nikayafunga upya, yale ya mashaka nikayaweka pembeni, hayataingia kwenye daftari. Bahati ni kwamba yaliyoning'inia juu hakuyafikia.

Jioni sasa, saa ngapi sijui. Kutunga majani kwenye fito, mawili mawili mgongo kwa mgongo, fito baada ya fito, kiuno kinawaka. Mvua ikaja, tukakimbiza kuni ndani na shemeji. Kuni zangu ni kalitusi nilizopanda mwenyewe, na nitawaambia watu wa kikundi wazi kabisa Jumamosi: mwenye miti yake alime K326, asiye nayo asithubutu kwenda kukata msitu wa watu, alime TN 90, upepo ni bure, lakini aipe mbolea yake kamili la sivyo asije kunililia. Ya wazee ibaki kwangu kwa ajili ya mbegu tu. Mafungu ya kamba nyekundu yaliyobaki yanatosha kuwaonyesha, nimeyahesabu.

Ugali wa muhogo na kunde, nikaoga maji ya moto nikasugua mikono na sabuni mpaka viwiko. Shemeji amechukua moto mpaka saa 8 usiku, halafu ni mimi, na njano ikikamilika tunaanza kupandisha joto. Kesho pia nitapita kila mche alioushika yule bwana niufunge utambi wa nguo niuangalie kwa wiki mbili tatu, ukitoa madoadoa nang'oa na kuchoma. Na pale getini naweka ndoo ya maji na sabuni. Mgeni awe nani, anazima sigara, ananawa, ndio anaingia.