Nilivyopiga laini ya upepo kwenye karakana yangu ya nyumbani hapa Ujiji

Mimi ni seremala, karakana iko uani kwangu hapa Ujiji, banda la bati lenye urefu kama mita 12 hivi, na kompresa, yani mashine ya kubana upepo, nimeiweka kona ya mwisho kabisa kwenye kibanda chake sababu ya kelele. Natengeneza vitanda na makabati ya mninga, vanishi napuliza kwa gani, ile bastola ya kupulizia, halafu kuna msasa wa upepo na mashine ya kupigia misumari. Zamani vyote hivyo vilikuwa vinagombania mpira mmoja mrefu unaotambaa chini kwenye maranda, tunajikwaa, toroli linaukanyaga, kila baada ya muda tunaukata na kuufunga klipu upya. Nikaamua nipige bomba la kudumu ukutani lenye matoleo matatu ya kuchomekea mipira ya vifaa.

Nikaanza na PVC, bomba la plastiki la maji, kama wengi wanavyoanza. Ni rahisi, gundi kidogo, msumeno, nusu siku umemaliza. Na bomba lenyewe limeandikwa PN16, yani linahimili presha ya baa 16, kompresa yangu inajizima ikifika baa 8, nikahesabu kwamba nina ziada mara mbili nzima hapo, nikalala usingizi.

Likakaa miezi saba. Mwezi wa kumi, mchana, jua lile la kabla mvua hazijaanza ambalo bati linakuwa kama kikaango, nilikuwa nje napokea mbao nikasikia mlio kama tairi la lori limepasuka. Kukimbilia ndani nakuta elbo, kile kiungio cha kona, iliyokuwa juu ya meza ya randa haipo, vipande vimerushwa mpaka mlangoni, na kimoja chenye ncha kali kimechomeka kwenye sofbodi ya ukutani usawa wa uso wangu. Mwanangu wa miaka tisa akitoka shule hukaa hapohapo anakusanya maranda ya kuwashia jiko. Siku ile alikuwa hajarudi. Nilikaa chini kwenye kigoda muda mrefu tu sikuweza kufanya kitu.

Nilichokuja kuelewa ni kwamba ile PN16 ni presha ya maji, tena maji ya baridi, nyuzi joto 20. Maji huwezi kuyabana, kwahiyo bomba la maji likipasuka presha inakufa papo hapo, unalowa basi. Upepo umebanwa kama springi. Tangi langu ni la lita 100, kwenye baa 8 ndani yake kuna upepo ambao ukiuachia unakuwa kama lita 900, na bomba likifunguka ghafla wote unataka kutokea hapo. PVC sasa haina tabia ya kuchanika polepole, inavunjika vipande vyenye makali kama glasi. Ongeza joto, maana PVC kwenye nyuzi 43 hivi inabaki na kama nusu tu ya nguvu yake, na chini ya bati la Kigoma hizo nyuzi hazitafutwi. Ongeza na mafuta ya kompresa ambayo hupita na upepo kidogo kidogo, mengine yanaidhoofisha plastiki hiyo. Marekani idara yao ya usalama kazini ilitoa tahadhari tangu 1988 kwamba PVC isitumike kwa upepo wa presha kwenye mabomba yaliyo wazi juu ya ardhi. Mimi nilikuwa nanunua kwa kusoma namba iliyoandikwa ubavuni, namba ni ya kweli ila siyo ya kazi yangu.

Nikaanza kutafuta upya. Kopa, yani bomba la shaba, ndiyo nilitamani, haipati kutu, inapoza upepo vizuri, lakini mafundi wa friji waliponitajia bei ya roli na kuchomea kwa fedha niliona hiyo ni kabati zima la milango mitatu. PPR, plastiki nyingine ya mabomba ya maji, niliifikiria sana kwa sababu kila fundi bomba mjini ana mashine yake ya moto ya kuunganishia, na yenyewe haivunjiki kama glasi, kuna viwanda vinairuhusu kwa upepo na vingine haviruhusu, kwahiyo ukiitaka uliza hiyo kwanza. Kilichonitoa ni joto. PPR inarefuka mno, kwa urefu wangu wa mita 12 tofauti ya nyuzi 20 kati ya alfajiri na saa nane mchana inalirefusha kama sentimita tatu na nusu, linalegea katikati ya klipu, na pale palipolegea maji yanayodondoka kutoka kwenye upepo yanatuama. Chuma urefu uleule kinaongezeka milimita tatu tu.

Basi nikachukua bomba la chuma la maji, lile jeupe lililopakwa zinki, robo tatu inchi, vipande viwili vya mita sita. Bei ilizidi mara mbili ya PVC na uzito wake ni shida, guta lilikuja nalo likiwa linatokeza mbele na nyuma. Nikamtafuta mzee mmoja fundi bomba wa siku nyingi mwenye dai zake, vile vyuma vya kukatia nyuzi za skrubu kwenye ncha za bomba. Nilimwambia, "Mzee shikamoo, nataka laini ya upepo, siyo ya maji." Akaitikia marahaba, akauliza, "Upepo huo una maji, mwanangu?" Nikasema unayo, tena mengi. Akasema, "Basi tulilaze."

Hapo ndipo kazi yenyewe ilipo, kuliko hata aina ya bomba. Hewa ya nyuzi 30 ikijaa unyevu inabeba kama gramu 30 za maji kwa kila mita ya ujazo, na sisi tuko jirani na ziwa, masika unyevu unausikia mpaka kwenye shuka. Kompresa ikiibana na ikapoa maji hayana pa kukaa, yanadondoka. Kompresa kama yangu ikifanya kazi saa nzima mfululizo unaweza kupata karibu glasi nzima ya maji, na mengine yanafika kwenye gani, ndiyo yale matone yanayoharibu vanishi ya mlango uliousugua siku mbili.

Kwahiyo tulilaza bomba, kila mita moja linashuka sentimita moja, mwisho wa banda liko chini sentimita 12 kuliko lilikoanzia, na pale mwisho kuna koki ya kumwagia. Kila toleo tii yake, kile kiungio chenye umbo la T, inatazama JUU, halafu bomba linapinda na kushuka, ili maji yanayotembea chini ya bomba kubwa yasiingie. Na kila bomba linaloshuka halikuishia kwenye kiungio cha kuchomekea mpira, linapita chini yake kama sentimita 30 likiwa na koki ndogo, hapo maji yanakusanyika nayatoa kila jioni. Kati ya kompresa na chuma niliweka mpira wa presha wa mita moja maana mtetemo unapasua nyuzi za viungio, na koki kubwa pale tangini, nikimaliza kazi naifunga.

Chuma kitapata kutu kwa ndani, hilo nalijua, ndiyo maana kwenye toleo la gani nimefunga chujio. Matoleo mengine mawili nimeyaacha hivyohivyo.

Viungio mzee alifunga kwa katani na rangi ya mafuta, tepu nyeupe alitumia kwenye vidogo tu. Tukajaza mpaka baa 8, nikakoroga sabuni ya unga nikapaka kila kiungo kwa brashi, yakatoka mapovu sehemu tatu, mbili tukakaza zikatulia, ya tatu ilikuwa yunioni, kiungio cha kufungua na kufunga katikati ya bomba, ikabidi tuifungue yote na kuanza upya. Usiku nikafunga koki ya tangini laini ikiwa imejaa, asubuhi geji ya upande wa laini inasoma saba na nusu. Mzee akaiangalia, akakusanya dai zake, akaomba chai.