Kisima huanza kuvuja kwenye faili

Kisima SS-25 cha Aliso Canyon, ghala la gesi la chini ya ardhi kaskazini mwa Los Angeles, kilianza kuchimbwa mwaka 1953 kwa ajili ya mafuta. Mwaka 1973 kikageuzwa kuwa kisima cha kuingizia na kutolea gesi. Mwaka 1979 vali ya usalama iliyokuwa ndani yake iliondolewa, na hapakuwekwa nyingine. Oktoba 23, 2015 kikakutwa kinavuja. Majaribio saba ya kukizima kutoka juu yalishindwa, hadi kisima cha pembeni kilipochimbwa kukifuata chini kabisa na kukidhibiti Februari 11, 2016. Takriban tani 100,000 za methani zilikwenda angani, na maelfu ya familia walihamishwa makazi.

Uchunguzi uliotolewa Mei 2019 ulieleza chanzo: kesingi ya inchi 7, yaani bomba la chuma linaloshikilia kuta za kisima, ililiwa na kutu iliyosababishwa na vijidudu upande wa nje, kwenye kina cha futi 892. Asilimia 85 ya unene wa chuma ilikuwa imekwisha pale ilipopasuka. Hilo ndilo lililobaki vichwani mwa wengi. Kwangu mimi jambo zito zaidi kwenye ripoti ile ni orodha ya mwaka 1988. Visima 20 viliorodheshwa ili kesingi zake zipimwe unene, SS-25 kikiwemo. Vilivyopimwa ni 7, na SS-25 hakimo. Tena kesingi za uwanja ule zilikuwa zimeshavuja zaidi ya mara 60 kabla ya 2015 bila hata tukio moja kuchunguzwa hadi chanzo chake kijulikane.

Kwa hiyo karatasi zilikuwepo. Kilichokosekana ni uamuzi uliofungamanishwa na karatasi: nani aliahirisha kupima, kwa sababu gani, na hadi lini.

Wakati huo serikali kuu ya Marekani haikuwa na kanuni za usalama kwa sehemu ya ghala iliyo chini ya ardhi; kila jimbo lilikuwa na lake, au halikuwa nalo. Sheria ya Juni 2016 ikaliagiza PHMSA, shirika la serikali linalosimamia usalama wa mabomba, litunge kanuni. Kanuni ya muda ilitoka Desemba 2016, ya kudumu ikachapishwa Februari 12, 2020 na kuanza kazi Machi 13 mwaka huo. Iko kwenye kifungu 192.12 cha kitabu cha 49 cha kanuni za serikali kuu, na inaegemea miongozo miwili ya Taasisi ya Petroli ya Marekani (API): API RP 1170 kwa mapango ya chumvi, na API RP 1171 kwa miamba iliyokwisha mafuta au gesi pamoja na miamba yenye maji.

Tarehe za kuwa nazo ukutani: tathmini ya kwanza ya hatari ilitakiwa kukamilika kwa miamba na mapango yote pamoja na angalau asilimia 40 ya visima ifikapo Machi 13, 2024, na kwa visima vyote ifikapo Machi 13, 2027. Baada ya hapo marudio yasipite miaka 7. Rekodi za mpango wa uimara hutunzwa kwa maisha yote ya ghala, na hapo panaingia hesabu, sababu za kila uamuzi, na sababu za kila mahali ulipokwenda kinyume na mwongozo. Hiyo ya mwisho ndiyo inayokosekana mara nyingi.

Vitabu vya taratibu hupitiwa upya kwa muda usiozidi miezi 15, lakini angalau mara moja kila mwaka wa kalenda. Watu husoma nusu ya kwanza tu. Aliyepitia Novemba 2022 kisha Januari 2024 ametumia miezi 14 na bado amekosea, kwa kuwa mwaka 2023 mzima hauna mapitio. Aliyepitia Januari 2023 na kurudia Mei 2024 hakuruka mwaka wowote, ila amepitisha miezi 16. Masharti yote mawili hubana kwa pamoja.

Sasa faili lenyewe. Nianze na namba inayoonekana ndogo kuliko zote: daraja la chuma. Chukua kesingi ya inchi 7 yenye uzito wa paundi 23 kwa futi, daraja J-55. Unene wake ni inchi 0.317, na nguvu ya chuma kabla ya kulegea ni psi (paundi kwa inchi ya mraba) 55,000. Presha ya kupasua hukadiriwa kwa kuzidisha mara mbili ya nguvu hiyo kwa unene, kisha kugawa kwa kipenyo cha nje: 2 × 55,000 × 0.317 ÷ 7, sawa na psi 4,981. Jedwali za kiwandani huzidisha tena kwa 0.875 kwa kuwa bomba jipya linaruhusiwa kupungukiwa unene kwa asilimia 12.5, ndiyo maana utakuta limeandikwa 4,360. Kutu ikila nusu ya unene, hesabu ya kwanza inashuka hadi takriban psi 2,490.

Sasa tuseme karani wa zamani aliandika N-80, daraja la psi 80,000, badala ya J-55. Ukiwa na unene uleule wa nusu, hesabu itakupa psi 3,620 hivi. Umepata psi 1,130 ambazo hazipo popote isipokuwa kwenye karatasi. Ndiyo sababu daraja halikubaliki kwa kuwa tu limeandikwa kwenye jedwali la kompyuta. Linahitaji cheti cha kiwanda au orodha ya vipande vya bomba iliyoandikwa siku ya kuteremsha. Kama vyote havipo, andika wazi kuwa daraja halijathibitishwa na utumie lile la chini kabisa linalowezekana. Walio kwenye mabomba ya kusafirishia gesi walijifunza hili kwa damu huko San Bruno, California, Septemba 2010: rekodi zilisema bomba halina mshono wa urefu, kumbe lilikuwa nao, na ulipofumuka watu 8 walikufa.

Jambo la pili ni sifuri ya kina. Kipimo cha miaka ya 50 kilianzia sakafu ya mtambo wa kuchimba; kipimo cha juzi kilianzia kwenye kichwa cha kisima. Tofauti inaweza kuwa futi 10 hadi 20, na urefu wa kipande kimoja cha kesingi ni futi 40 hivi. Ukilinganisha vipimo viwili bila kusawazisha sifuri, unalinganisha kutu ya kipande kimoja na uzima wa kipande jirani, kisha unaandika kwamba kutu haikui. Dawa yake si ngumu: panga vipimo vyote kwa maungio ya kesingi, maana maungio hayahami, na uandike kila kipimo kilianzia wapi.

Na hata ukisawazisha, kuwa na adabu na makosa ya kifaa. Vifaa vya sumaku vinavyopima upungufu wa chuma kwa kawaida hukosea kwa asilimia 10 hivi ya unene, juu au chini. Kipimo cha kwanza kikisema 30 na cha pili 38, huwezi kuapa kwamba kutu imekua wala kwamba haijakua. Tunza aina ya kifaa, toleo la programu iliyotafsiri, na data ghafi. Picha ya rangi peke yake, baada ya miaka saba, haitakusaidia kitu mbele ya mkaguzi.

California ilikaza zaidi kuanzia Oktoba 2018. Kila kisima kinatakiwa kiwe na kinga mbili, ili kitu kimoja kikiharibika gesi isipate njia ya kutoka. Kwa vitendo, gesi ipite kwenye tubingi, bomba la ndani ambalo chini yake kuna kizibo kinachofunga uwazi kati yake na kesingi, wakati kesingi inabaki kinga ya pili. SS-25 kilikuwa kinapitisha gesi kwenye vyote viwili, kwa hiyo kesingi ilipopasuka hapakuwa na kitu cha kuizuia. Kipimo cha joto na sauti hufanywa kila mwaka; unene wa kesingi hupimwa kila miezi 24.

Uwazi ulio kati ya tubingi na kesingi ndio unaosema mapema kuliko vyote, kama kuna anayeusikiliza. Presha ikionekana pale, fungua vali ndogo polepole, andika saa, kilichotoka ni gesi au kimiminika, na ilichukua dakika ngapi kufika sifuri. Funga, kisha andika presha inavyopanda kwa saa 24. Ikishuka isirudi, pengine ni joto tu: gesi inapita ndani, kimiminika kilichofungiwa kinatanuka. Ikirudi, kuna njia imefunguka, na sampuli ya gesi ipelekwe maabara ili ijulikane kama ni ya ghala au ya miamba ya juu. Bila kuandika kisima kilikuwa kinaingiza au kinatoa gesi wakati huo, usomaji wote huo hauna maana.

Angalia pia tofauti ya sifuri na nafasi tupu. Sifuri maana yake geji ilisomwa ikakutwa haina presha. Nafasi tupu maana yake hakuna aliyekwenda. Programu nyingi hugeuza ya pili kuwa ya kwanza kimyakimya. Na geji inayotoa namba ileile miezi sita mfululizo, mvua na jua, imekufa. Usikisifie kisima utulivu.

Hesabu ya akiba nayo ina utata wake. Mara mbili kwa mwaka, baada ya msimu wa kuingiza na baada ya msimu wa kutoa, visima hufungwa hadi presha itulie, kisha presha iliyosahihishwa kwa tabia ya gesi huchorwa dhidi ya akiba iliyo vitabuni. Nukta zikianza kuhama mwaka hadi mwaka, yaani vitabu vinadai gesi nyingi zaidi kwa presha ileile, kuna gesi inayopotea au mita inayodanganya. Ghala linalopitisha futi za ujazo bilioni 20 kwa msimu, mita ikikosea asilimia 1, tofauti ni milioni 200. Gesi iliyopotea Hutchinson, Kansas, Januari 2001, na kuua watu wawili, ilikadiriwa kuwa milioni 143. Kwa hiyo usitegemee hesabu ya akiba ikuonyeshe uvujaji wa kuua watu, na vyeti vya kusawazisha mita viwekwe kwenye faili lilelile la usalama, visiachwe idara ya fedha.

Taarifa kwa PHMSA ni fupi kuzieleza: tukio, pamoja na upotevu usiokusudiwa wa futi za ujazo milioni 3 au zaidi, hupigiwa simu ndani ya saa moja tangu kuthibitika, na ripoti ya maandishi hufuata ndani ya siku 30. Ripoti ya mwaka ni kabla ya Machi 15 kupita. Kuziba kisima, au ukarabati wa kisima wenye mtambo na gharama ya dola 200,000 na zaidi, hutolewa taarifa siku 60 kabla.

Hutchinson inastahili neno zaidi. Gesi ilitoka kwenye kesingi iliyotoboka ya pango la chumvi, ikasafiri chini ya ardhi kiasi cha kilomita 11 kwenye tabaka jembamba la mwamba, ikaibukia mjini kupitia visima vya zamani vya kuvunia maji chumvi. Majengo yalilipuka Januari 17, na mlipuko wa siku iliyofuata ukaua watu wawili. Wengi hawakujua kwamba visima hivyo vipo chini yao, kwa sababu vilifunikwa bila kuzibwa ipasavyo na bila kuchorwa kwenye ramani. Kisima kilichoachwa, kwa hiyo, kinahitaji faili nono kuliko kinachofanya kazi: nukta zake za ramani, kina cha juu na cha chini cha kila kizibo cha saruji, mifuko iliyotumika, uzito wa saruji, presha iliyotumika kukijaribu, na jina la aliyeshusha bomba kukigusa kizibo kuhakikisha kimeganda. Kama rekodi inasema tu "kimezibwa", kihesabu kuwa kiko wazi hadi utakapopata hizo nyingine.