Kwenda Lodwar kwa Kupitia Entebbe

Kutoka Apoka, ndani ya Hifadhi ya Kidepo nchini Uganda, hadi kwetu Lodwar, Turkana nchini Kenya, ni kama kilomita 215 kwa mstari ulionyooka. Ndege ndogo ya mzee wangu, Cessna 182, inaweza kuumaliza mwendo huo kwa chini ya saa moja. Basi aliponiambia kwamba lazima kwanza turuke kilomita zaidi ya 400 kuelekea kusini, tukagongewe mihuri Entebbe, halafu Eldoret, ndipo tupande tena kaskazini, nilidhani ananitania.

"Kijana, kwa rubani mpaka hauko kule milimani," alisema. "Uko kwenye meza ya forodha."

Siku tatu za Kidepo sina mengi ya kusema. Simba niliwaona. Soda moja ilinigharimu pesa ya mchana mzima wa chakula Lodwar.

Mkasa ulianzia kwenye mafuta. Injini ya 182 hunywa lita 50 hivi kwa saa, na mzee hakutaka kuvuka Ziwa Kyoga na tangi nusu. Tukatua kwenye kiwanja kimoja cha udongo, sikitaji jina, ambako jamaa alikuwa ametuahidi kwa simu mapipa mawili ya petroli ya ndege. Bei aliyotaja ilimfanya mzee avue kofia.

Pipa likafunguliwa. Mzee akachota kwenye chupa ya maji, akaiinua juani. Petroli ya ndege zetu hutiwa rangi ya buluu. Hii ilikuwa nyeupe kama maji ya kisima. Akainusa, akanipa na mimi. Jikoni kwa mama kabisa! Akang'oa ukurasa kwenye daftari langu, akadondosha tone. Petroli ingekauka na kutoweka. Hili lilibaki doa la mafuta.

"Ssebo, hii ni ya ndege kabisa," yule jamaa akasisitiza. "Helikopta zote zinaweka hii."

Hapo hakudanganya. Helikopta zake ni za injini za tabo (turbini), zinakunywa mafuta ya jeti, si petroli. Sisi tungeruka vizuri kwa ile petroli iliyobaki kwenye mabomba, kisha injini ingezimika juu ya miti. Jamaa akataka nusu ya pesa, eti kwa kufungua pipa. Walibishana saa nzima na nusu. Mimi nilikaa chini ya bawa, kwani kivuli kingine hakikuwepo.

Kijana mmoja Mdodoth alikuja kukaa karibu nami. Lugha yake na Kiturkana ni ndugu, tukaelewana. Akauliza tunakwenda wapi. Nikasema Turkana. Akaitazama pua ya ndege.

"Mbona mmeelekea jua linakotua?"

Nikajaribu kumweleza habari za mihuri. Alicheka mpaka akashika tumbo. Wajomba zangu, ukame ukizidi, huvuka na mifugo kufuata malisho huku Karamoja, na sijawahi kusikia mbuzi aliyepitia Entebbe.

Pipa la kweli lililetwa jioni, kwa pikipiki, kwa bei ileile ya kuvua kofia. Tulilala kiwanjani. Lodwar tulifika kesho yake saa kumi alasiri.

Mama alinikumbatia, akarudi nyuma hatua moja.

"Mmekuja na ndege au na jiko la mafuta ya taa?"